Nyonyesha, shosti, lakini usiumie

Mpenzi msomaji, hasa wewe sista duu uliyekaa saluni unasubiri dawa ishike nywele, na wewe kaka unayeupitia ukurasa huu kwa kuibia huku umejifanya unatafuta habari za Simba na Yanga, leo naomba tuongee habari za titi. Msicheke! Nasema titi la kunyonyeshea, siyo hilo mnalolifikiria nyie.

Hapa mjini kila kitu kina mwalimu wake. Ukitaka kuolewa yupo somo, na siku ya kicheni pati wapo mashangazi watakaokutoa jasho kwa mafundisho mpaka ujifunike uso kwa mtandio. Ukiwa na mimba, kila abiria wa daladala anageuka daktari wako: usile mayai, usikae mlangoni, usimcheke mtu mwenye sura mbaya. Lakini ukishajifungua na kichanga ukawekewa mikononi, kimya! Eti kunyonyesha kunakuja kwenyewe kama kupiga chafya. Titi unalo, mtoto mdomo anao, unataka nini tena?

Nilichotaka mimi ni mtu wa kunionyesha, na sikumpata mpaka siku ya tisa.

Nilijifungulia kwenye hospitali moja hapa Dar ambayo siitaji jina. Wodi ilikuwa imefurika, na nesi wa zamu, maskini, alikuwa peke yake na wazazi kibao. Alipopita kwangu akasema, "We mama, mnyonyeshe mtoto, unamwangalia tu kama sinema?" Akaenda zake. Nikamweka mtoto, akavuta, nikasikia kama nimebanwa na mlango. Nikajisemea, labda ndivyo ilivyo. Kesho yake nikapewa ruhusa.

Nyumbani kwetu ni chumba na sebule, nyumba ya kupanga kule Tandika, bomba moja uani, wapangaji sita. Mama yangu alishafika kutoka Tanga na kapu lake kwa ajili ya arobaini. Siku ya tatu maziwa yakaingia kwa fujo. Matiti yakawa magumu kama madafu, yanang'aa, ya moto, hata kanga ikigusa nalia. Mtoto akija hana pa kushika, chuchu zimenyooka zikalala na ngozi. Siku ya tano chuchu ya kushoto ikapasuka ikatoa damu. Kufika siku ya nane, mtoto akijinyoosha tu kitandani, vidole vyangu vya miguu vinajikunja vyenyewe. Namnyonyesha huku nimeuma pindo la kanga ili wapangaji wenzangu wasinisikie.

Na nyumba ya kupanga haina siri. Mmoja akaja na kusema nimepigwa jicho. Wa pili akasema chuchu zangu fupi, ni mambo ya ukoo hayo, nisijisumbue. Wa tatu, huyu ndiye aliyetaka kututia hasara, akasema maziwa yangu mepesi kama maji ya mchele, nimpe mtoto ya kopo. Mama mkwe naye akapiga simu: "Mwanangu, mpe maji kidogo ya sukari, mtoto ana kiu na joto la huko." Baba mtoto, fundi simu wa Kariakoo, akakaa pembeni na kalamu akipiga hesabu ya makopo kwa mwezi. Alipomaliza hakusema kitu, ila niliona sura yake. Ilikuwa ama kopo ama kodi ya nyumba.

Mama yangu, ambaye nampenda kuliko maneno ninavyoweza kuyaandika hapa, alikuwa na neno moja tu: "Vumilia, mwanangu. Sote tulipita humo."

Neno hilo nina ugomvi nalo. Mwanamke wa Kiswahili anaambiwa avumilie mume, avumilie wifi, avumilie uchungu wa kuzaa, haya. Lakini chuchu kutoka damu siyo uchungu wa uzazi. Ni dalili, kama vile gari kutoa moshi. Ukimwambia dereva avumilie moshi, gari litamwishia njiani.

Siku ya tisa tukaenda kliniki kupima uzito. Alizaliwa na kilo 3.1, mizani ikasema 2.8. Kichanga kupungua kidogo siku za mwanzo ni kawaida, wengi hupungua, lakini kufikia siku ya tisa anatakiwa awe ameshaanza kupanda, na kwa kawaida wiki ya pili ikiisha awe amerudi pale alipozaliwa. Wangu alikuwa bado anashuka. Moyo ulinipasuka paa!

Pale ndipo nilipokutana na nesi mmoja mtu mzima, miwani imemning'inia puani. Nikamwamkia, akaitikia, hakunigombeza, hakuniuliza maziwa yapo au hayapo. Alivuta kigoda akakaa mbele yangu, akasema, "Nyonyesha nione." Akaangalia kama dakika mbili hivi. Halafu akatikisa kichwa.

"Mwanangu, huyu hanyonyi titi. Huyu ananyonya chuchu."

Jamani! Maneno hayo tu. Nitawaeleza alichonifundisha pole pole, kwa sababu ndicho kilichonileta hapa leo.

Chuchu ni mdomo wa chupa tu, maziwa yenyewe yako nyuma yake. Mtoto akishika ncha peke yake, anaisaga kwa ufizi na kuikandamiza juu ya kaakaa gumu. Wewe unaumia, na yeye hapati kitu cha maana, kwa hiyo analia, kwa hiyo unamweka tena, kwa hiyo unaumia tena. Anatakiwa ajaze mdomo kwa titi, pamoja na sehemu kubwa ya ule weusi unaozunguka chuchu.

Akaanza na mkao. Mimi nilikuwa nimejikunja kama mtu anayetafuta sindano, mgongo wote unawaka. Akaniambia niegemee ukuta vizuri, akakunja kanga mbili akaniwekea chini ya mkono. "Mtoto ndiye anakuja kwenye titi, titi haliendi kwa mtoto." Kisha akamgeuza mtoto tumbo lake liguse tumbo langu. Kumbe nilikuwa nimemlaza chali, anageuza shingo tu. Hebu jaribu wewe kunywa soda huku umeangalia begani! Kichwa, shingo na mgongo vikae mstari mmoja, na mkono wako umshike mwili mzima, siyo kumsukuma kisogo. Ukimsukuma kisogo anakasirika na kujirudisha nyuma.

Pua yake ikae mkabala na chuchu. Mguse mdomo wa juu kwa chuchu, halafu subiri. Hapo kwenye kusubiri ndipo wengi tunaposhindwa, kwa sababu mtoto analia na mama mkwe anakuangalia. Subiri mpaka apanue mdomo kama anapiga miayo, ndipo umlete haraka kwenye titi, kidevu kikitangulia. Akishika sawasawa utaona kidevu kimegusa titi, mdomo wa chini umebinuka nje, mashavu yamejaa hayabonyei, na ule weusi unaonekana zaidi upande wa juu kuliko wa chini. Mwanzo anavuta haraka haraka, kisha anatulia kwenye mivuto mirefu, anameza, anapumzika, anavuta tena. Kumeza unakusikia.

Nikasubiri yale maumivu ya mlango. Hayakuja. Kulikuwa na kuvuta, na kile kidonda kiliwasha kidogo mwanzoni, basi. Nikaanza kulia, nesi akadhani bado naumia. Nikamwambia, "Hapana mama, nalia kwa sababu siumii."

Akanionya pia, mtoto akishika vibaya usimchomoe kwa nguvu, utaichana chuchu. Ingiza kidole kisafi pembeni mwa mdomo wake, aachie, uanze upya. Hata mara kumi. Kwa kile kidonda, alisema nikamue tone la maziwa yangu mwenyewe baada ya kunyonyesha, nilipake, niache likauke na hewa, na sabuni nisiiguse pale kwa sababu inakausha ngozi. Siku kumi baadaye mizani ilirudi kilo 3.1. Mama yangu alipiga kigelegele hapo hapo kliniki, watu wakadhani kuna harusi.

Sasa yule jirani wa "chuchu fupi". Binti wa chumba cha mwisho uani alijifungua miezi miwili baada yangu, na kweli chuchu zake zimelala. Kila mtu akamkatia tamaa. Nilimwonyesha yale yale niliyoonyeshwa, na baada ya siku nne za vurugu, mtoto akashika. Ukielewa kwamba mtoto hula titi wala siyo chuchu, urefu wa chuchu unapungua umuhimu. Wapo wanaohitaji msaada zaidi, lakini hiyo siyo hukumu.

Kuhusu yale matiti ya madafu, nakwambieni dawa yake kubwa ni mtoto mwenyewe anyonye mara kwa mara. Kichanga hunyonya kati ya mara 8 na 12 kwa siku, usiku na mchana, kwa hiyo usimsubirie saa. Likiwa gumu hashiki, kamua kidogo kwa mkono mpaka ule weusi ulainike, ndipo umweke. Kitambaa cha uvuguvugu kwa muda mfupi kabla ya kunyonyesha husaidia maziwa kutoka, na cha baridi baada ya hapo hupunguza uvimbe. Mama yangu alitaka kunikanda na maji ya kuchemka na kufinyanga kama unga wa chapati. Nilimwomba kwa heshima zote aishie kwenye kitambaa na mkono mwepesi, akanuna siku nzima.

Lakini ukiona sehemu ya titi imekuwa nyekundu au ngumu, inauma, na homa imepanda mwili unatetemeka, usikae nyumbani ukisubiri jicho liondolewe. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na usiache kunyonyesha kwa sababu hiyo, maziwa yale hayamdhuru mtoto, kuyaacha yajae ndiko kunakozidisha balaa. Vilevile ukiona utando mweupe mdomoni kwa mtoto usiofutika, na wewe chuchu zinawaka moto hata baada ya kunyonyesha, inaweza kuwa fangasi. Mtibiwe wote wawili, la sivyo mtaambukizana mpaka mchoke.

Haya, "maziwa hayatoshi". Huu wimbo kila mzazi mpya anauimba. Shosti, titi siyo tanki la maji la kusema likiisha limeisha. Kadiri linavyonyonywa ndivyo linavyotengeneza. Ukimpa kopo leo, kesho atanyonya kidogo, na titi litatengeneza kidogo, halafu utasema si nilisema? Siku ya kwanza yanatoka matone tu, mazito ya njano, na bibi zetu wengine waliyakamua na kuyamwaga wakidhani machafu. Ni dhahabu ile, ina kinga, na kwa tumbo la kichanga vijiko vichache vinatosha. Ukitaka kujua kama anashiba, usipime kwa kilio, mtoto hulia kwa joto, kwa usingizi, hata kwa upweke. Hesabu nepi. Kuanzia kama siku ya tano hivi, nepi 6 za mkojo au zaidi kwa siku ni dalili nzuri, na kadi ya kliniki ndiyo shahidi wako.

Na yale maji ya sukari ya mama mkwe? Maziwa ya mama karibu asilimia 88 ni maji. Hata joto la Dar la mwezi wa pili, lile linaloyeyusha wanja, mtoto anayenyonya vizuri hahitaji maji mengine kabla ya miezi 6. Mwenye kiu ni wewe, kwa hiyo weka chupa yako ya maji karibu kila unapokaa kunyonyesha.

Miezi 6 hiyo ilileta ubishi mkali kwetu. Mama alishikilia kwamba ni minne. "Mbona wewe nilikuanzishia uji miezi minne, hujaota mkia?" Sasa msimbeze. Mimi ni wa mwaka 1999, na wakati ule Shirika la Afya Duniani lenyewe lilikuwa linasema miezi 4 hadi 6. Ni mwaka 2001 ndipo likaja na 6 kamili, kisha chakula cha kulikiza huku ukiendelea kunyonyesha mpaka miaka 2 na zaidi. Mama alifundishwa sawasawa kwa siku zake. Nilipomweleza hivyo alitulia, kwani hakuna mtu anayependa kuambiwa alimlea mwanawe vibaya. Ule utafiti mkubwa wa afya wa taifa unaonyesha tunapanda, watoto chini ya miezi 6 waliokuwa wananyonya maziwa ya mama tu walikuwa asilimia 59 mwaka 2015-16, wakafika 64 mwaka 2022. Bado zaidi ya theluthi wanapewa vingine, na nadhani nyuma ya wengi wao yupo mama aliyeuma pindo la kanga.

Msosi je? Mama alinipikia uji wa pilipili manga, jirani yangu wa Kilimanjaro akaleta mtori, na vyote nilivifuta mpaka chini ya bakuli. Kunyonyesha kunaleta njaa ya mbwa. Kula upate nguvu, ila anayeyaita maziwa yaje ni mtoto. Na nyie mabinti mnaoogopa titi kulala, pole zenu, titi linabadilishwa na mimba yenyewe, umri na mwili kunenepa na kukonda. Ukishabeba mimba, hilo gari limeshaondoka.

Kazini ndiko kwenye kasheshe. Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mzazi likizo ya siku 84 yenye malipo, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi na bado ananyonyesha, mwajiri amruhusu muda wa kunyonyesha ndani ya saa za kazi, mpaka saa 2 kwa siku. Mlijua hilo? Shoga yangu mmoja hakujua. Bosi wake alimwambia hapa ni ofisini siyo wodini. Akarudi kesho yake na nakala ya sheria mkononi, wakaelewana aingie saa moja baadaye na kutoka saa moja mapema. Lakini dada wa saluni, mamantilie, muuza duka asiye na mkataba, wao hiyo sheria wataionyesha kwa nani? Kwao dawa ni mtoto kuletwa, au kukamua.

Kukamua kwa mkono ni bure. Nawa mikono, weka dole gumba juu na vidole vingine chini, pembezoni mwa ule weusi, sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Usivute ngozi. Kamulia kwenye kikombe kisafi chenye mfuniko. Wanasema yanakaa saa 4 kwenye joto la nyuzi 25, lakini Dar ni lini tumeziona nyuzi 25 mchana? Wahi kuyapeleka kwenye friji, humo yanaweza kukaa mpaka siku 4. Ukiyakuta yamejitenga, mafuta juu, hayajaharibika. Yapashe kwa kuweka kikombe ndani ya bakuli la maji ya moto, usiyachemshe. Na mtoto anaweza kunywea kikombe kidogo, akiwa ameinuliwa, anaramba mwenyewe, usimmiminie. Kikombe kinaoshwa kikatakata kirahisi, chupa ina kona za kuficha uchafu.

Usiku jifunze kunyonyesha ukiwa umelala ubavu, matumbo yamegusana vile vile. Mgongo utakushukuru. Ila usije ukasinzia naye kwenye kochi, anaweza kudidimia kwenye mito.

Namalizia na nyie akina kaka. Baba mtoto wangu hana titi, lakini baada ya ile siku ya kliniki alikariri mafunzo ya nesi kuliko mimi. Saa nane za usiku ananiambia, "Kidevu hakijagusa, mtoe uanze upya." Wakati mwingine nilitamani kumrushia mto! Lakini ndiye aliyempigia simu mama yake kumweleza mambo ya maji ya sukari, jambo ambalo mimi mkwe nisingelithubutu. Ndiye aliyechota maji bombani alfajiri washikaji wakimcheka kwamba ameshakaliwa. Na mtoto akicheua saa tisa usiku, ni yeye anayeamka kumpigapiga mgongo na kubadili nepi. Mwezi wa nane huu, nepi za usiku bado ni zake.